Kopo la Sita

Jumapili, saa tisa alasiri

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa. Nakuuliza hali ingawa najua si nzuri, maana barua yako nimeisoma mara nne na kila mara ilinikuta nimesimama ikaniacha nimekaa. Hapa kwetu miili ni mizima. Wifi yako anaendelea na ushonaji. Wiki hii ana sare za shule, na nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha buluu. Binti yetu ameng'oka jino la pili la mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mimi nipo. Huko mbele nitaeleza kuwepo kwangu ni kwa namna gani.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni lile unaloliuliza kila barua, kama kitambaa cha mama cha kichwani bado kina harufu yake. Hilo nitalijibu mwisho, nivumilie. La pili ni kwamba nikuambie, kama mwonjaji chai wa kiwanda na kama kaka, ulikosea wapi katika chai yako, ili usirudie au uache kabisa. Umeandika kwamba nyungo zako za kukaushia utampa jirani, na kwamba umeshaulizia kazi ya kufua mashuka hospitalini. Umeandika kwamba huuamini tena ulimi wako, kwamba hata maji ya kunywa unayanusa mara mbili kabla ya kumeza. Hapo ndipo nilipokaa chini. Nitakujibu, lakini si kwa sentensi moja. Kama ningeiweza sentensi hiyo ningekuwa nimeshakuandikia miezi mitatu iliyopita.

Unakumbuka makopo yalivyonifikia. Yalikuwa sita, yamefungwa kwa magazeti, kila moja lina namba tu uliyoiandika kwa rangi ya kucha, na majina yake uliyaorodhesha kwenye barua kwa mpangilio huohuo. Iliki, mdalasini, vanila, mchaichai, waridi na maganda ya machungwa. Tangawizi uliiacha makusudi, ukasema tangawizi hata mvivu anaweza. Ulinieleza kwamba mwenye mgahawa wa jirani na mahakama amekubali kuwapa wateja wake chai yako moja, moja tu kwanza, na kwamba hutachagua ni ipi mpaka pua yangu iseme. Miaka miwili ya kukausha na kuchanganya ilikuwa ndani ya makopo yale, na mlango ulikuwa mmoja.

Niliifanya kazi kama ya kiwandani. Nilifuta meza ya jikoni na kumfukuza wifi yako na vitambaa vyake. Vikombe vyeupe tulikuwa navyo vinne, nikaongeza mabakuli mawili. Kijiko kimoja cha majani kwa kila kikombe, nimekisawazisha kwa kisu. Maji yaliyochemka muda uleule, si ya chupa. Dakika sita kwa saa ya ukutani, sahani juu ya kila kikombe. Kisha nikaanza kuvuta kwa kijiko, ule mvuto wenye kelele uliokuwa ukikuchekesha, ukisema nakunywa kama bomba lililopasuka. Binti yetu alicheka vilevile, siku hizo meno bado anayo. Nilivuta, nikazungusha mdomoni, nikatema kwenye ndoo, nikaandika. Nilianza la kwanza nikafika la sita, nikarudi nyuma mpaka la kwanza. Aliyeniona angesema hapa kuna bwana anayeijua kazi yake.

Wifi yako alirudi kuchukua mkasi, akapita na kijiko chake. Alionja yote sita akiwa amesimama, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akasema la nne ndilo, la mchaichai, kwamba linampa hamu ya kukaa chini na kunyamaza. Alipofika la sita alikunja uso na kutaka kusema jambo. Nilimkatiza. Nilimwambia kuna kunywa chai na kuna kuonja chai, na kwamba mimi siingilii mikunjo ya sketi zake. Alichukua mkasi wake akarudi kwenye cherehani.

Nawe ulikuwa umeandika pembeni mwa barua, kwa herufi ndogo, kwamba la sita huna hakika nalo. Maganda yalikutwa na mvua, ukayamalizia kukausha ndani, juu ya waya, karibu na jiko la mafuta ya taa, na ulihisi kuna kitu nyuma ya ile harufu, hujui ni nini. Ukaomba nikuambie. Nilikuambia. Nakala ya barua yangu sina, lakini maneno yake yamenikaa kichwani kuliko sala: kwamba la sita linayapita mengine kwa mbali, kwamba unachokihisi ni woga wa mwanzo tu, na kwamba ujifunze kuniamini mimi kuliko wasiwasi wako.

Ukaniamini. Ukatengeneza makopo arobaini ya namba sita, na kwa kuwa kaka mtaalamu amesema ndilo, ukahakikisha maganda yote umeyakausha palepale, juu ya waya uleule, karibu na jiko lilelile, ili ladha isibadilike. Uliponieleza hilo kwenye barua yako niliiweka chini nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili bila kujua natafuta nini.

Yaliyotokea mgahawani umenieleza wewe, nami nayarudia ili ujue sikuyaruka. Kwamba makarani wa asubuhi walimiminiwa, na wa kwanza kabla hajanywa aliinama kuangalia chini ya meza kama kuna taa imevuja. Kwamba mwenye mgahawa alionja mwenyewe, akatema kwenye sahani mbele yako, akakuuliza, kwa upole, kama huwa unaonja unachowauzia watu. Kwamba sasa ukipita sokoni wanakuita Mama Taa. Nawe ukaandika kuwa hawana kosa. Ukasema kaka yako alionja chai nzuri, kwa hiyo lazima wewe ndiye uliyeiharibu baadaye, mkono wako umepotea. Umenitetea mpaka kwa watu waliotaka kunilaumu.

Barua hiyo ilikaa kwenye mfuko wa koti langu wiki tatu. Nilijikaza kisabuni. Kila asubuhi nilisema leo nitaandika, na kila jioni nilikuwa nimechoka mno, au wino haukuwa mzuri, au binti alitaka kusaidiwa hesabu. Jumapili iliyopita wifi yako alichukua koti kushona kitambaa cha ndani kilichofumuka, akaikuta, akaisoma. Akaja jikoni na kopo la sita lililobaki kabatini, akalifungua chini ya pua yangu, akaniuliza nasikia harufu gani. Niliyaona maganda. Nikasema machungwa, yaliyoiva vizuri.

Akatoka, akarudi mikono ikiwa nyuma, akaniambia nifumbe macho. Kitu kililetwa karibu na uso wangu. Nilinusa mpaka kifua kikauma. Nikasema ni waridi, kopo la tano. Nilipofumbua macho alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha sare, kimelowa mafuta ya taa, yanadondoka sakafuni.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikaa chini, akakikamua kile kitambaa kwenye ndoo ileile niliyokuwa natemea chai, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimeficha yangu akaumbuka dada yangu. Akanipa wiki moja. Alisema nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye hatapamba.

Basi ndiyo hivyo. Mdogo wangu, mimi sina pua. Mwaka jana nilipoanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala, nilikuandikia kwamba nimepata uvimbe kisogoni. Uvimbe ulikwisha. Harufu hazikurudi. Ulimi umebaki na chumvi, sukari, uchungu na ukali wa ndimu, na mengine yote tunayoyaita ladha kumbe yalikuwa yakipitia puani, nami sikuwahi kujua kwa sababu sikuwahi kuyakosa. Daktari alisema mishipa midogo ya pua ilikatika ubongo ulipotikisika, na kwamba mwaka ukipita bila mabadiliko nisitegemee sana. Mwaka umepita tangu mwezi wa nne.

Kiwandani sikumwambia mtu. Natazama rangi ya chai, natazama majani yaliyolowa, kisha nangoja mwonjaji mwenzangu aseme kwanza, halafu naongeza neno moja juu ya lake. Wananisifu kwamba siku hizi nimepunguza majivuno, nawasikiliza wenzangu. Nyumbani nakula kwa kuwa ni saa ya kula. Mwezi uliopita maharage yaliungua hadi chungu kikapasuka, nami nimekaa hatua mbili kutoka jikoni nasoma gazeti. Nikimbeba binti yangu anapotoka kuoga, ni uzito tu nimebeba. Nimekata tamaa, dada, na nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulisema kwa mafumbo. Asubuhi nikiamka sioni ninachoamkia.

Utaniuliza kwa nini basi la sita. Nimejiuliza wiki nzima. Sehemu yake ni kiburi. Wewe ulilitilia shaka na wifi yako alilikunjia uso, nami nilitaka nionekane najua zaidi yenu. Lakini sehemu kubwa ni hii. Kati ya yote sita, ndilo pekee lililonigusa ulimi. Uchungu mdogo usio wa majani ya chai, huku nyuma, pembeni. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nakunywa maji ya moto yenye rangi, halafu ghafla kuna kitu. Nusura nilie pale mbele ya ndoo. Sikupima kama ni kizuri au kibaya. Nilishukuru tu kwamba kipo, kisha nikakutumia shukrani yangu nikiiita utaalamu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hukukosea mpaka uliponisikiliza. Ulihisi kuna kitu nyuma ya harufu, na kitu kilikuwepo. Ulikijua kabla ya makarani, kabla ya mwenye mgahawa, ukiwa peke yako jikoni kwako. Nyungo usimpe jirani. Mashuka ya hospitali wapo watakaoyafua. Mwenye mgahawa nimemwandikia barua yake mbali, kwa jina langu na kazi yangu, kwamba chai ile niliichagua mimi na wewe uliitilia shaka tangu mwanzo. Atafanya atakavyo. Kesho asubuhi nitaingia kwa meneja nimwambie naye. Tangu nikiwa na miaka kumi na tisa sijafanya kazi nyingine, na sijui keshokutwa nitajibu nini nikiulizwa nafanya kazi gani. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nakuandikia ili ujue kwamba mtu uliyekuwa ukimngoja aseme hakuwepo.

Sasa kitambaa cha mama. Uliniachia mimi siku ya mazishi, ukasema kikae kwa mwenye pua, na kwamba siku harufu itakapokwisha nikuambie, ili tuwe tumemzika kweli. Kila ulipouliza nilikitoa kwenye kopo lake, nikakiweka usoni, nikavuta, nikarudisha, kisha nikakuandikia kwamba bado. Kumi na tatu, nimezihesabu, ndizo barua nilizokuandikia bado. Sijui, dada. Huenda ilikuwepo mwaka wote. Huenda ilikwisha wiki ile niliyoanguka. Wifi yako alimkuta mama keshalala kitandani, ananukia dawa, kwa hiyo hawezi kunisaidia, na hata angeweza nisingethubutu kumwuliza. Duniani aliyebaki anayeijua harufu ile ni wewe.

Nimekifunga mara mbili kwenye mfuko, mbali na kila kitu, kimo kwenye kifurushi hiki. Pamoja nacho kuna nusu ya kopo la nne. Nusu nyingine wifi yako ameinywa na anasema hataomba radhi. Nakusihi ukinuse kitambaa kwanza, kabla hujaifungua chai. Kisha niandikie. Usimwulize mtu, usingoje mtu, na usiniandikie la kunifurahisha kama nilivyokuwa nikikuandikia mimi. Chochote utakachosema ndicho nitakachokiamini.

Wifi yako anakusalimu, anasema sare zikiisha atakuja mwenyewe akae siku tatu, na yeyote atakayekuita Mama Taa mbele yake ataona. Binti yetu anamsalimu shangazi yake huku amefumba mdomo, kwa sababu ya jino. Wasalimie wote wanaokutendea wema huko, wachache walivyo. Nami nalitia hapa chini jina ulilonipa ulipokuwa na miaka minne, kwa mara ya mwisho, halafu ulifute.

Ni mimi kaka yako,

Pua