Gari la Baba Kwenye Maonyesho

Nyumbani,
Nyuma ya stendi ya zamani,
Jumatatu jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote niambie kifua kinaendeleaje. Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unakohoa kama trekta bovu, ukasema ni vumbi tu. Huku sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua ila mdomo haujambo, na shemeji yako bado anaamini nywele zitaota tena.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, au ningetukana, na watoto wananisikia.

Jumamosi tulikwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, pale uwanja wa mpira. Aliyetushawishi ni baba mdogo. Unamjua Kipaza wetu, akishika maikrofoni hata msibani huwezi kumnyang'anya. Safari hii ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Alimwambia Mama aje, kuna kitu atafurahi kukiona.

Sitaki kukudanganya, nilianza kuchukia mapema. Moshi, honi, choo kimoja kwa uwanja mzima na mlango wake umefungwa kwa waya. Wanaume wazima wanafuta boneti kwa kitambaa laini, ilhali watoto wao wanachuruzika kamasi pembeni. Mmoja alinifokea eti kivuli changu kimeingia kwenye picha yake. Mama yeye alifurahi. Alisimama mbele ya lori moja la kijani, akaniambia lilikuwa kama hilo lililomleta mjini akiwa bibi harusi, ameketi juu ya magunia.

Halafu tukaliona gari la Baba.

Wewe hukuwa umeanza hata shule, kwa hiyo acha nikukumbushe. Lile gari la wagonjwa la hospitali, jeupe, ambalo mlango wake wa nyuma ulikuwa mgumu kufunga. Baba aliliendesha mpaka akastaafu. Dada yetu mkubwa alifia humo na mtoto tumboni, Baba akiwa kwenye usukani, Mama amemshika mkono kule nyuma. Baba hakuizungumzia siku ile mpaka alipotutoka.

Sasa gari liko kwa mwenye hoteli ya njia panda. Amelipiga rangi linang'aa. Ndani ameacha machela ileile, ametandika shuka na kuimwagia rangi nyekundu ionekane kama damu. Watu walipanga foleni kupigwa picha. Unapanda, unalala, unatoa ulimi nje, mwenzako anajifanya daktari, waliobaki wanacheka mpaka wanashika mbavu. Msichana mmoja alijaza nguo tumboni, akawa anapiga mayowe kama mwenye uchungu wa kuzaa.

Na sauti iliyokuwa ikiwaita ilikuwa ya baba mdogo. "Karibuni mfe kidogo, halafu mkanywe soda." Kila akirudia, watu walicheka upya. Yeye huyo aliyebeba jeneza la dada.

Nilitaka kumwondoa Mama, kugeuka hayupo. Alikuwa ameshafika kwenye gari. Alipanda kwa shida, akamwambia yule msichana ateremke, kwa upole kabisa, kama anayemwamsha mtoto. Kisha akaivuta ile shuka, akaikunja ile rangi ikabaki kwa ndani, akaketi kwenye machela, mkoba mapajani. Waliokuwa kwenye foleni walidhani naye yumo mchezoni. Kijana mmoja akainua simu ampige picha.

Mwenye hoteli akaja na tabasamu la biashara, akamwomba Mama awapishe wengine.

"Mwanangu alifia hapa nilipokaa," Mama akamwambia. "Nikishuka, mlango huu ufungwe."

Kijana aliyeinua simu akaishusha. Yule msichana akachomoa zile nguo tumboni, akaanza kulia. Mwenye hoteli alisema hakujua, na nilimwamini, maana alimgeukia baba mdogo uso umesawijika. Alimshika Mama mkono akamshusha, akafunga mlango, gari likaondolewa uwanjani. Baba mdogo hakusogea hata hatua. Alianza kutangaza pikipiki.

Jana akaja nyumbani, shati limepigwa pasi. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Kumbe amekuja kulalamika kwamba Mama amemwaibisha mbele ya wageni, na kwamba marehemu hasikii kitu. Aliyasema hayo huku anakunywa chai yetu, akaongeza na sukari. Nilivyomwona analamba kijiko nilishikwa na kinyaa, kile cha kukuta unywele kwenye chakula. Mama alisubiri amalize kikombe, akamfungulia mlango.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi ujao baba mdogo ndiye aliyepangwa kwenda kwa wakwe zako kukusemea. Mama anasema hataki mdomo ule ukaombe mtoto wa watu kwa niaba yetu. Anataka aende mjomba. Najua mjomba ana kigugumizi. Harusi ni yako na uamuzi ni wako, Mama hatakulazimisha. Lakini mimi nakwambia wazi, afadhali wakwe wakae kutwa nzima wakimsubiri mjomba amalize sentensi moja.

Msalimie mchumba wako, na yule fundi cherehani unayekaa naye. Shangazi, shemeji yako na watoto wote wanakusalimu. Mungu akulinde uendako na akurudishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.