Uso Wako, Mdogo Kama Punje ya Mahindi

Kaka Wafula,

Barua hii sikuandikii uisome. Nakuandikia usomewe. Kwa hiyo nianze na yule anayeishika sasa: wewe nisiyekujua, ukiwa mwuguzi, ukiwa keya, askari mwenzake, ukiwa mpita njia uliyeikuta imebandikwa ukutani stesheni, tafadhali keti karibu naye usome polepole. Akikuambia urudi nyuma, usirudi. Sababu nitaifikia.

Mwalimu wetu hutufundisha kwamba barua njema huanza kwa salamu, ikafuata hali ya mvua, kisha habari za nyumbani. Nisamehe, leo nimeruka. Habari ya nyumbani ni moja tu. Wanataka kukuzika.

Vita vimekwisha. Wenzako wanarudi, wengine wanatembea, wengine wanachechemea, na wewe huji, wala barua yako haiji. Baba mkubwa, ambaye ametulea tangu baba yetu afe, alikaa na wazee hapa Kabuchai wakasema yatosha. Unajua desturi yetu, lakini naieleza kwa ajili ya anayekusomea: mtu aliyepotea, maiti yake isipatikane, huzikwa kwa mgomba. Hukatwa mgomba wa kimo chake, huvishwa shati lake, huliliwa, hufukiwa. Baada ya hapo jina lake linaweza kupewa mtoto mwingine, na mama yake hana ruhusa tena ya kuacha mlango bila komeo. Mama yetu bado anauacha hivyo kila jioni. Mgomba wako umekwisha kukatwa. Umeegemezwa nyuma ya ghala, na kila ninapoenda kuchukua kuni natazama pembeni.

Sasa nikukumbushe zile lenzi mbili.

Zilikaa ndani ya mkebe wa biskuti, kila moja imefungwa kwa kipande cha blanketi. Wakati ule ulikuwa ukifanya kazi Kitale kwa Bwana Jivan mwenye studio, naye alipopata kamera mpya alikuachia ile ya zamani ya mbao. Ukaja nayo nyumbani umeifunga juu ya baiskeli kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Uliniingiza chini ya kitambaa cheusi, nikamwona mama kwenye kioo, kichwa chini, miguu juu, anapepeta wimbi na wimbi halimwagiki. Nilipiga kelele. Mama akasema, "Wafula, acha kunipindua mbele ya mtoto, nina kazi."

Lenzi moja ilikuwa fupi na nene kama kizibo. Nyingine ilikuwa ndefu kama gunzi. Uliziweka juu ya mkeka ukaniuliza, "Ukitaka kupiga kanisa na watu wote, utachagua ipi?" Nikaonyesha ndefu, kwa sababu ndiyo iliyoonekana kubwa. Ukacheka. Ukasema fupi ndiyo ya watu wengi, ndefu ni ya uso wa mtu mmoja. Nikauliza kwa nini. "Ya uso inataka adabu," ukaniambia. "Unasimama mbali, hatua nane, unamwacha mtu apumue. Ukimsogelea sana unamharibu."

Siku za soko la Bungoma nilikubebea ile miguu mitatu ya kamera. Wewe ulikuwa unarudi nyuma, unarudi nyuma, mpaka siku moja ukakanyaga maharagwe ya mtu yaliyoanikwa. Yule bibi kizee uliyekuwa ukimpiga picha akauliza watu, "Huyu kijana ananiogopa ama?" Ukajibu ukiwa ndani ya kitambaa, "Sikuogopi wewe, kukhu, bibi yangu. Naogopa pua yako." Akacheka mpaka picha ikaharibika, kisha akakupiga kwa fimbo kidogo. Na mimi nikijisogeza mbele nione, uliniita bila kunitazama: "Rudi nyuma, Nekesa. Rudi nyuma." Nilichukia maneno hayo. Leo ningetoa chochote niambiwe tena.

Kaka, lazima niseme kosa langu, hata kama unalijua.

Siku uliyokuwa unaondoka kwenda jeshini mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Nilikuomba nikupige picha, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Ukakubali, ukakaa kwenye kiti cha baba ndani ya nyumba, mgongo wako karibu na ukuta. Nikafunga lenzi ndefu, na nyumba ikawa ndogo kwake. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mtungi, na bado niliona sikio lako na nusu ya mdomo. Nje kulikuwa na mvua, na lori lilikuwa likikungoja barabarani. Basi nikaifungua, nikafunga ile fupi. Na kwa kuwa nilitaka ujaze kioo chote, asipatikane mtu mwingine wala ukuta wala kitu ila wewe, nikaisukuma kamera mpaka magotini pako.

Uliuliza, "Umeweka ipi?"

Nikasema, "Ndefu."

Ukaniamini. Ulitulia kama ulivyowafundisha watu watulie. Kisha ukaenda.

Bwana Jivan aliposafisha ile picha alinitumia pamoja na salamu za pole. Pua ilikuwa biringani. Masikio yalikuwa yamekimbilia nyuma ya kichwa. Nilikutumia nakala huko vitani Bama huku nikilia, nawe ukajibu kwa mstari mmoja ambao mama aliniomba nimsomee mara nyingi: "Nekesa, mwongo wewe, hiyo pua utaijibia mbele ya Mungu." Tulicheka nyumba nzima. Hatukujua kwamba ndiyo barua ya mwisho.

Hatukujua pia jambo jingine, nalo lilinipiga kifuani wazee walipoanza kuzungumzia mgomba. Umepiga nyuso za watu wote, kuanzia hapa mpaka Kitale, na wewe mwenyewe huna picha. Una ile ya biringani tu.

Nilikwenda nayo stesheni ya Bungoma treni ilipoleta wenzako. Nilitaja jina lako, wakatikisa vichwa. Huko jeshini, waliniambia, watu wachache waliitwa kwa majina waliyopewa na mama zao. "Leta picha yake tuone." Nikaitoa. Wakaizunguka. Mmoja akasema, "Hapana, dada. Mtu ya pua hii ningekumbuka, bana." Mwingine akasema, "Ati huyu si alipigwa picha na adui?" Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na furaha ya kufika kwao. Mimi nilisimama pale mpaka jukwaa likabaki tupu.

Nyumbani mama aliichukua ile picha akaitazama muda mrefu. Akasema, "Huyu si mwanangu." Baadaye akaongeza polepole, kama mtu anayeungama, "Nami siku hizi nikifumba macho, ndiye huyu ninayemwona. Yule mwingine amekwenda." Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa lenzi moja.

Wazee walikuwa wametaja Jumamosi. Jumatatu nilimwomba Baba mkubwa ruhusa, nikapanda lori la mahindi hadi Kitale, kwa Bwana Jivan. Nilimwekea picha mezani nikamwuliza kama kuna lenzi ya kurudisha uso mahali pake. Akavua miwani. "Binti, lenzi gani narudisha pua? Hakuna." Nikamwambia basi ni kosa la lenzi fupi. Akakataa. "Lenzi hapana haribu mtu. Wewe nakaa karibu sana, ndiyo naharibu. Lenzi ndefu nafanya kazi moja tu, nakulazimisha wewe kusimama mbali. Kama nasimama mbali na ile fupi, uso nakuwa sawasawa. Mdogo, lakini sawasawa."

Mdogo, lakini sawasawa. Hapo, kaka, nikakumbuka harusi ya mwalimu wa kanisa.

Unakumbuka? Watu walijaa mbele ya kanisa, safu nne, wengine juu ya viti, na ukaweka ile fupi. Ukarudi nyuma mpaka kwenye mipapai. Bwana harusi akapaza sauti, "Na wewe pia uingie, si wewe ni mtu wetu?" Ukaniachia ule mpira wa kamera, wa kubinya ili picha ipigwe. Ukaniambia, "Mimi nakimbia. Wewe hesabu mpaka kumi, ubinye." Ukakimbia, ukaruka juu ya benchi la nyuma kabisa.

Nilihesabu kumi. Kifua chako kilikuwa kinapanda na kushuka, na kofia ilikuwa bado mkononi. Sikubinya. Watu wakaanza kunung'unika, mtu akasema mtoto amelala. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu, mpaka nikakuona umetulia, ndipo nikabinya. Ulinigombeza kwamba nimewachosha wazee juani.

Nikamwuliza Bwana Jivan: kile kioo kilichoshika picha ya harusi kiko wapi? Uso wake ukabadilika. Wakati wa vita, vioo vilipoadimika, alikwangua picha nyingi za zamani akaviuza viwe madirisha. Tuliingia stoo tukatafuta, yeye rafu za juu, mimi za chini. Tulipata maharusi wasio wetu, mzungu na mbwa wake, mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Niliomba Mungu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho. Jioni ilikaribia tulipokipata, kimepasuka pembeni, ufa umepita katikati ya bibi harusi maskini, na wewe uko juu kulia, mzima, uso wako mdogo kama punje ya mahindi.

Akaukuza. Nilisimama kwenye lile giza jekundu la chumba cha kusafishia picha nikakuona unatoka ndani ya maji ya dawa, kwanza nyusi, kisha mdomo. Una chembechembe kama mtu aliyenyunyiziwa unga. Lakini pua ni pua yako, na masikio yamerudi.

Nilipompa mama, aliishika karibu na macho. Kisha akaiegemeza kwenye mtungi, akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, bila mtu kumwambia, mpaka mgongo wake ukafika mlangoni. Akasema, "Ndiye." Akaketi pale pale kizingitini.

Jana Jumatano nilikwenda nayo soko la Cheptais, kwa kuwa nilisikia wako waliorudi. Niliwaonyesha saba. Wa nane alikuwa anakata chumvi dukani kwa mjomba wake. Aliitazama akaweka kisu chini.

"Huyu si Rudi Nyuma?"

Nilimwuliza amesemaje.

"Rudi Nyuma, bana! Kila saa anatupanga kama anapiga picha, na hana kamera. 'Rudi nyuma, rudi nyuma.' Hata bwana mkubwa alimwambia hivyo." Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia.

Akaniambia alikuacha katika hospitali ya jeshi huko Bara Hindi, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Ulikuwa hai. Ulikuwa unaongea. Macho yako yalikuwa yamefungwa bandeji, na hakujua kama yatafunguliwa yakiwa na mwanga. Yeye akapandishwa meli, wewe ukabaki. Ni zamani kidogo. Hajui zaidi, na aliniapia kwamba haongezi hata neno.

Kwa hiyo ndiyo maana huandiki. Nimelia njia nzima, nikiwaza mikono yako inapapasa kalamu na wewe una haya kumwomba mtu akuandikie. Na labda unafikiri mpiga picha asiyeona hana nyumba ya kurudi. Kaka, kama ndilo unalofikiri, wewe sasa ndiye mwongo.

Nilimweleza Baba mkubwa yote. Akasema kitanda cha hospitali si ushahidi wa leo. Ndipo nikafanya jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wazee. Nilimwambia, "Baba, yeye mwenyewe aliniambia nihesabu kumi. Ningetii, uso huu ungekuwa ukungu. Nilingoja ishirini na tatu." Nilidhani atanifukuza. Aliichukua picha, akaisogeza mbali kwa urefu wa mkono wake, akaitazama. Akasema, "Mpaka mahindi yavunwe. Si zaidi, Nekesa." Mgomba hakuutupa. Bado uko nyuma ya ghala, unakauka.

Mahindi yameanza kutoa ndevu. Hizo ndizo siku nilizo nazo. Nimenakili barua hii kwa mkono wangu: moja ya Bungoma, moja ya Kitale, nyingine nitampelekea yule wa Cheptais aipitishe kwa wenzake, na moja mwalimu ameahidi kuituma ng'ambo, kwa hospitali za askari. Anayekusomea, tafadhali mwandikie jibu. Neno moja linatosha: yupo.

Kaka, ile lenzi ndefu bado ninayo, iko katika mkebe wake, sikuiuza wala sikuiazima. Lakini siku utakaposhuka kwenye treni sitaichukua. Sitahesabu hatua nane. Nitakuja karibu kabisa, mpaka uweze kunishika uso kwa mikono yako miwili, uone mwenyewe kama nimekua.

Nakuaga huku mlango ukiwa bila komeo.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee, aliyekudanganya juu ya lenzi,

Nekesa