Viateur, Banda Lile Lilikuwa la Simbilisi

Mwaka umetimia, Viateur, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Mei 1992 ulipotutoka, ukiwa na miaka hamsini na mmoja. Viatu vyako vya kazi bado viko nyuma ya mlango, hapa Kabeza. Scovia, mke wako, hataki viondolewe.

Uliendesha malori miaka ishirini na miwili, Kigali hadi Dar es Salaam. Kiswahili hiki tunachokuandikia ulikileta nyumbani kutoka Ngara, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mke. Hukuwahi kumpita dereva aliyeharibikiwa njiani. Chai uliiacha mpaka ipoe kabisa, ndipo uinywe kwa mkupuo mmoja. Mguu wa kulia ulipokataa kazi ulirudi nyumbani, ukawa mtu wa ua, nyundo na maneno machache.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyomponza Scovia. Ametuomba tuliandike jambo hili hapa, na kila anayesoma alisikie.

Ilikuwa mwaka 1991, likizo ya Pasaka. Binti yenu Mutoni alikwenda kwa bibi yake Kibungo, akakuachia simbilisi wake wanne, wale wanyama wa kufugwa wanaofanana na panya wasio na mkia. Waliishi ndani ya sanduku la sabuni, wakikanyagana usiku na mchana. Mmoja alikuwa ameng'atwa sikio, mwingine alijikunyata pembeni na hata majani hali. Uliwatazama kwa muda mrefu, kisha ukasema, "Hata mzigo wa lori haupakiwi hivi."

Kesho yake ukaanza kutoka. Kila asubuhi uliondoka ukichechemea, ukarudi na mbao begani na waya uliokunjwa ndani ya gunia. Scovia akauliza vinatoka wapi.

"Kwa rafiki, kule Sonatubes."

"Rafiki gani?"

"Wa barabarani."

"Na mbao za nini?"

Ukacheka kidogo. "Wenyewe wakija utajua. Nikikwambia wewe leo, habari itafika Kibungo kabla ya jua kuzama."

Siku zile maneno kama hayo hayakuchekesha. Tangu vita vianze Oktoba 1990, watu walikuwa wakichukuliwa majumbani kwa kuitwa ibyitso, wasaidizi wa adui, wengine kwa sababu tu mgeni alionekana uani kwao. Jirani alihesabu sahani za jirani. Scovia mwenyewe ni mtu wa kuja, na alijua anavyotazamwa dukani. Hao "wenyewe" ni nani? Ulipokwenda kuoga alipekua gunia lako, akakuta misumari na bawaba mbili. Akanusa shati lako, asijue hata anatafuta harufu ya nini.

Siku ya nne, akiwa jikoni, alikuona nyuma ya nyumba umelala chali juu ya udongo, unachora mstari kwa kijiti juu ya kichwa chako, na mwingine chini ya nyayo. Hukuwa na futi, ukapima kwa mwili wako. Yeye hakuliona hilo. Aliona mtu anayepima mahali pa kumlaza mtu.

Jioni, akitaka tu kuutua mzigo, alimweleza Nyiransabimana, jirani wa ng'ambo ya ua.

"Sijui anamjengea nani. Ananiambia wenyewe wakija nitajua."

"Nyamaza, Mama Mutoni," yule mama akamjibu. "Mimi sijasikia kitu."

Siku mbili baadaye mkuu wa seli, kiongozi wa mtaa wetu, aliingia na askari wawili. Banda lilikuwa limekwisha: refu kama kitanda, sakafu ya mbao, waya mbele, na kona moja imefunikwa ili wanyama wapate pa kujificha. Simbilisi walikuwa wakikimbia mwisho hadi mwisho, wakirukaruka kama bisi kwenye sufuria. Hata yule mwenye jeraha sikioni.

"Nani iko analala humu?" askari mmoja akauliza.

"Hao unaowaona, afande."

"Panya wanne, nyumba kubwa hivi? Na wenyewe watakuja lini?"

Ndipo ulipomtazama Scovia, mara moja tu. Kisha ukainamisha uso, ukawaambia wenyewe ni hao, pamoja na binti yako. Hawakuamini. Walivunja sakafu wakitafuta shimo, wasione kitu, na bado wakaondoka nawe.

Zilikuwa siku kumi na moja. Scovia aliwakamata simbilisi watatu. Wa nne hakuonekana tena. Kila siku alipeleka chakula ofisi ya komini ulikofungwa, akarudishwa nacho. Kaka yako Cyriaque, karani katika ofisi za serikali Kacyiru, alizunguka ofisi moja baada ya nyingine mpaka akampata mtu wa kukusemea. Ulirudi umekonda, umeshika mbavu. Hukumuuliza mkeo chochote. Ulinyoosha misumari iliyopinda, mmoja mmoja, ukalijenga banda upya palepale, kwa upana uleule, Mutoni akikushikia mbao.

Scovia alingoja umuulize. Mwaka mzima alikutazama ukila chakula chake, akidhani kila ukimya wako ni hukumu. Salamu kati yake na Nyiransabimana zilikatika. Kifua kilipokulemea ukalazwa hospitali, alikaa kando ya kitanda na kusema.

"Baba Mutoni, ni mimi. Nilimwambia jirani."

"Nilijua siku ileile. Neno lile nililisema kwako peke yako."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniogopa na mimi. Wa kuogopwa walikuwa wameshatosha."

Ukamwomba akusogezee mto. Siku ya tatu hukuamka.

Basi Kabeza yote na ijue leo: hapakuwa na mtu mle ndani. Uliwaona viumbe wanne wamebanwa, ukawapa nafasi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili, tarehe 9 Mei 1993, saa tatu asubuhi. Unakumbukwa na mkeo Scovia, binti yako Mutoni, kaka yako Cyriaque, shemeji zako wote wa Ngara, na jirani yako Nyiransabimana, aliyekuja mwenyewe mlangoni kuomba jina lake liandikwe hapa.

Hatutakusahau, Viateur, siku zote tutakazojaliwa.