Dada Burul Haji Tena Nyumbani

Baba Kanyshai,

Huku kijijini hatujambo, ila theluji bado imekalia paa la zizi. Kanyshai ameota jino na anamng'ata bibi yake kidole. Je, Moscow mnapata joto?

Yule Dada Burul anayekuja kunywa chai kila Alhamisi si rafiki yangu wa shule kama nilivyokuambia. Ni mwanasaikolojia. Mgeni haulizwi alichojia, basi mama yako akawa anamkatia mkate na kutuachia chumba. Tangu nijifungue nilikuwa naogopa kubaki na mtoto peke yangu, naogopa mikono yangu mwenyewe. Sasa namwogesha huku nikimwimbia.

Lakini imetoka sheria mpya: wanasaikolojia wasitibu watu majumbani, ila kwenye ofisi yenye leseni. Dada Burul kaniambia, "Nikija tena, mdogo wangu, watanifungia kazi. Njoo wewe Naryn mjini."

Nitatokaje bila ruhusa? Jana nikamwambia mama ukweli. Akatua birika.

"Kumbe maandazi yangu yote hayo ya borsok nilikuwa namkaangia daktari!"

"Ndiyo, mama."

"Na majirani wakikuona unaingia kwa daktari wa vichaa?"

Akasema mwenye mke ndiye aamue.

Basi mpigie mama simu kabla ya Alhamisi. Usimweleze mengi, mwambie tu niende. Ukikataa nitakwenda vilevile, lakini ningependa niende kwa neno lako.

Akupendaye,
Mama Kanyshai