Dossier Ndani ya Dossier

Kazi mbili (Jumanne), 14 Mei 2024

Papa Mukuka, jirani yetu wa Kampemba, alikuja ku atelier yangu ya kutengeneza ba ordinateur, na clé USB. Miaka makumi tatu machiniste, muendesha treni, Lubumbashi–Kambove. Kazi tano, 17 Mei, banamupasua macho, na munganga hamupe ahadi. Mbele ya ile siku anataka kuendesha ligne yake mara moya tena — mu jeu, muchezo wa treni wa ku ordinateur. Mutoto wake Jeannot, mwenye iko Belgique, njo alitengeneza ile ligne yote: reli, ba gare (stesheni), mpaka miti. Akaifunga mu fichier moya.

Nikamuambia: Papa, mimi nilifungua ba ordinateur za Ndola na za Dubaï, hii ni kufungua sardine tu. (Dubaï sijafika. Shajara, usinisemee.)

Kazi tatu, 15 Mei

Nilifungua fichier, nikaingiza mu jeu, nikamuita na majivuno yote. Locomotive ikatokea — inaelea mu weupe. Reli hakuna. Udongo hakuna. Papa Mukuka akafuta miwani, akasogea mpaka pua ikagusa écran.

«Stéphane, naona weupe tu.»

Muke wake, Mama Albertine, mwenye alimusindikiza, akapitisha mukono mbele ya macho yake.

Kosa ilikuwa yangu, nilijua. Lakini kuikubali mbele yao, hapana. Nikasema tu: pole, Papa.

Kazi ine, 16 Mei

Nimeipata! Jeannot aliweka dossier (folda) «Kambove» ndani ya dossier «Kambove». Mimi nikaingiza ile ya inje. Jeu ikatafuta reli ku mulango wa kwanza, ikakosa. Kosa ya mutoto wa primaire — na primaire mimi sikuimaliza.

Nikakimbia kwao na laptop. Mama Albertine alikuwa anatoa nguo mu valise ya hospitali, anazirudisha mu armoire. Muzee amekataa: kama macho imekwisha kufa, kupasuliwa ni ya nini?

Nikapiga magoti. Papa, ule weupe ulikuwa wangu, haikuwa wa macho yako.

Papa Mukuka akasema: «Kumbe wewe unafungua sardine, unakula mukebe.»

Mama akacheka mpaka machozi, akaanza kukunja nguo tena mu valise.

Nikawasha. Sasa vyote iko: gare, miti, reli mbili zinangaa. Mbele ya pua yake, signal, taa ya reli, nyekundu, kubwa kama sahani. Akaweka kidole ku clavier. Hakufinya. Akaniinamia, Mama asisikie:

«Stéphane, signal iko rangi gani?»

Nilisema naenda kutafuta chargeur. Niko naandika hapa ku barza yao, inje ya mulango. Batterie imejaa, chargeur ilikuwa uongo. Ananingoja nimuambie rangi yenye macho yake haioni. Treni haijaondoka.