Jogoo Asiyejeruhiwa

Amihan na Isko,

Wali wa kitunguu saumu umo sufuriani. Samaki wakavu nimewafunika, paka asiguse.

Alfajiri nilikwenda kwenye kile kikao cha walioacha pombe, nyuma ya kanisa. Nililizunguka kanisa mara mbili ndipo nikaingia. Aliyenimiminia kahawa ni ~~babu yenu~~ mtu fulani. Huko ni mwiko kutajana. Akaniambia, "Karibu, dada," kama hanijui! Jogoo wake kamfunga kwenye mguu wa kiti.

Kumbe ndiyo maana kila Jumapili jogoo huyo anarudi kutoka kwenye "mapigano ya majogoo" bila hata unyoya kung'oka. Na vile babu anavyonisema kwa chupa zangu!

Nimeenda sokoni. Babu akirudi akasema jogoo ameshinda, msicheke. Mpigieni makofi.

Mama yenu