Hiyo Si Dang'a, Faki

Kwa mdogo wangu Faki,
Ole, Pemba.

Assalaam alaykum. Salamu ni haki ya kila Muislamu, na yako nimeitoa. Isikupe matumaini, maana baada ya hapa hakuna neno tamu. Hali yako siiulizi. Uliniringia nayo kwenye simu mpaka ukanikatia. Ninayemuulizia ni mama. Nimemsikia mwenyewe akikohoa katikati ya maneno, na kikohozi kile si pumu yake tuliyoizoea. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo imechafuka.

Nimeandika kwa sababu simu unaikata, na barua huwezi kuikata. Naipiga picha na kuituma kwa mkeo Mize, na nimemwomba aisome kwa sauti mbele yako na mama, baada ya sala ya alasiri na si kabla. Basi kaa kitako usikilize.

Maneno yako niliyaandika siku ile ile katika daftari langu la kila siku, lile mnalolicheka tangu skuli, usije ukasema nakuzulia. Ulisema, "Dada, ng'ombe wa mama kabarikiwa! Maziwa mazito, ya manjano, kama dang'a. Watu wayagombania." Nikakuuliza kama anakula vizuri. "Kidogo kidogo, joto tu hili." Nikakuuliza kuhusu wale bata wanaokunywa kwenye ndoo yake. Ukasema wawili wamekufa, na wa tatu alipoanza kupinda shingo ulikimbilia kisu. "Nimemuwahi, dada. Ningemwacha afe kibudu?" Mkamla kwa mchuzi wa nazi.

Faki, dang'a ni maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Huyu kazaa mwaka jana, na ndama wake sasa anakula majani. Hukujiuliza hiyo dang'a imetoka wapi?

Mimi maziwa ya namna hiyo nimeyaona kwa macho yangu. Hapa Marekani, katika shamba ninamokama, ng'ombe walianza kwa kuacha kula. Maziwa yakapungua, na yaliyobaki yakawa mazito, ya manjano. Nikampelekea msimamizi kidogo kwenye kikombe. Akatazama, akasema ni joto, endelea na kazi. Kisha paka wa zizini, waliozoea kulamba maziwa yanayomwagika chini, wakaanza kuzunguka kama walevi, wakafa mmoja mmoja. Mwenzangu wa zamu, mama wa watoto wawili, akaamka macho mekundu kama kaa la moto. Msimamizi akamwambia akanawe. Tukamwambia amwite daktari wa mifugo. Akatujibu, "Daktari akiingia hapa habari itatoka, na nani atanunua maziwa?"

Daktari aliingia mwishowe, akapima, akasema ni mafua ya ndege, yameingia kwa ng'ombe. Hapo ndipo tulipoletewa miwani ya plastiki, glavu na barakoa, maboksi na maboksi. Mvua imekwisha kunyesha, wao ndio wanatafuta makuti ya kuezekea. Miwani nikaipokea, lakini asante sikutoa.

Na wewe uliniambia nini nilipokusihi umwite daktari wa mifugo? "Daktari akiingia hapa Ole nzima itajua. Nani atanunua maziwa?" Wallahi, nilidhani msimamizi wangu kajifunza Kipemba.

Sisemi kuwa ng'ombe wa mama ana mafua ya ndege. Huenda ni kiwele tu kinachouma. Mimi si daktari, na wewe si daktari, ila mimi nalijua hilo. Lakini Mize, kabla hujamnyang'anya simu, alitia mzaha: "Na paka wa mama haonekani siku hizi, wifi, kapata mume!" Mkacheka nyote wawili. Mimi sikucheka. Paka yule hupewa nini kila asubuhi ukimaliza kukama? Na mama hupewa nini, kikombe kizima, mabichi, kwa sababu wewe wasema yakichemshwa yanapoteza baraka?

Likanifika kubwa zaidi kutoka kinywani mwako. "Ng'ombe akizidi kuumwa n'tamuwahi kwa kisu, tugawe nyama. Wewe wa ulaya wataka kutufundisha ng'ombe?" Kisu hicho kiweke chini. Kuwahi kuchinja kunaiokoa nyama isiwe kibudu, ugonjwa hakuuondoi. Halali si dawa. Ukimchinja damu itakurukia usoni, na daktari hatakuwa na cha kupima. Hilo la pili, nadhani, ndilo unalolitaka. Na ng'ombe si wako. Ni wa mama.

Maziwa yake yasiuzwe wala yasinywewe tena mpaka ijulikane ana nini. Ya ng'ombe mwengine yeyote yachemshwe mpaka yapande juu ya sufuria. Bata waliobaki wafungiwe mbali na ndoo, na anayekufa azikwe, asiguswe kwa mikono mitupu. Ukiona macho yanawasha, yako au ya mtu yeyote hapo nyumbani, nenda hospitali ukaseme wazi kuwa unakama ng'ombe mgonjwa. Usiseme ni vumbi.

Nisalimie ami Kombo, aliyetufundisha sote wawili kukama. Mwambie Raya anauliza kama na yeye aliyaona maziwa yale akanyamaza. Nisalimie shangazi Time, anayechukua chupa kila asubuhi kwa ajili ya wajukuu. Kwake uende leo hii kwa miguu yako, umwambie asiwape. Wifi yangu Mize sina ugomvi naye.

Mama namsalimu mwisho kwa sababu ndiye aliyeimaliza kazi. Jana ulipokuwa kondeni nilimpigia. Nikamweleza yote haya, akanisikiliza huku akikohoa. Kisha akasema, "Mlete huyo daktari, Raya. Maziwa yale ladha yake imeharibika siku nyingi. Nayanywa kwa kumstahi Faki tu."

Umesikia? Kwa kukustahi wewe.

Basi daktari wa mifugo wa Chake Chake nimempigia mwenyewe, nikampa jina la mama. Amesema atakuja leo kwa vespa yake, baada ya alasiri, na vichupa vyake vya kuchukulia maziwa. Ndiyo maana sikutaka barua hii isomwe mapema. Kama Mize amefika hapa, basi bado umekaa kitako, na kisu hukukishika.

Mize, weka simu chini ukafungue mlango.

Ni mimi dada yako niliyekulea,
Raya